Salamu Kwenye Ujia wa Mawe Meupe

Zamani barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilikuwa moja tu, nyekundu, na kila kitu kilipita humo humo. Lori la tumbaku humo, basi humo, baiskeli humo, mbuzi humo, na mzee na fimbo yake humo humo. Vumbi likitimka mnalila wote sawasawa, aliye kwenye gari na aliye chini.

Mzee Venanti hakuzaliwa kando ya barabara hiyo. Kwao ni huko juu, Heru Juu, kwenye migomba ya baba yake. Ila mwaka wa sabini na nne watu waliposhushwa vijijini, yeye na mkewe Winifrida wakapewa kiwanja pembeni kabisa ya barabara, chini ya mteremko mrefu unaotoka Kasulu. Mwanzoni alikichukia kiwanja kile. Alisema wamemweka nje kama sufuria inayoanikwa, kila apitaye aone imeungua wapi. Lakini mtu huzoea. Akapanda migomba nyuma ya nyumba, akaweka gogo la kukalia mbele, na taratibu akagundua kwamba barabara nayo ina faida yake. Barabara inaleta watu, na watu wanaleta salamu.

Na salamu ya kule si ya kurushiana kama jiwe. Mtu akimkuta mkubwa wake anashuka kwenye baiskeli, anailaza chini, anachuchumaa, anapiga makofi polepole, viganja vimepinda ili vitoe sauti nzito. Mkubwa naye anaitikia kwa makofi. Ndipo anauliza: nyumbani hawajambo? Na mbuzi? Na maharage yametoka? Na yule mgonjwa wenu? Haharakishi. Kama ni mkwe na baba mkwe ndiyo zaidi, maana mkwe akishachuchumaa hainuki mwenyewe. Anakaa pale chini mpaka baba mkwe amwambie "haguruka", yaani inuka. Mkwe akijiinua kabla hajaambiwa, ni sawa na kumwambia mzee kwamba binti yake alimwokota njiani.

Hata dreva wa basi alikuwa amelizoea jambo hilo. Dreva mwenyewe aliitwa Gharibu, mtu wa Ujiji, mnene, kofia iliyoshonwa kwa mkono haimtoki kichwani. Akiwakuta watu wamechuchumaa katikati ya barabara, anapunguza mwendo, anawazunguka kwa mbali, au anasimama kabisa, anatoa kichwa dirishani.

"Malizeni wazee wangu. Nina abiria wa Kibondo humu, ila hawajaanza kuzaa bado."

Watu wanacheka, salamu inaisha, basi linaondoka. Ndivyo ilivyokuwa.

Kiangazi cha mwaka sabini na sita akaja mtu wa barabara kutoka wilayani. Kijana mmoja mpole, hakuwa na maringo, tusimsingizie. Malori ya tumbaku yalikuwa yamegonga watu wa baiskeli mwaka ule, na mmoja alikuwa wa kijiji hicho hicho. Yule kijana akaita mkutano, akasimama juu ya benchi la shule, akaeleza.

"Upande huu wa kushoto, kutoka sokoni Kasulu mpaka darajani, tutapanga mawe na kuyapaka chokaa. Ndani ya mawe ni basi na baiskeli tu. Lori lisiingie. Mbuzi asiingie. Mtu wa miguu apite ng'ambo ya mtaro. Ni majaribio. Mvua zikianza tutakaa tuone, na ikifaa wenzetu wa Kibondo nao watatengenezewa ujia wa kwao."

Watu wakaona ni jambo la maana. Akainuka Makarius, rika la Venanti, mzee mwembamba ambaye hajawahi kukaa mkutanoni na swali tumboni.

"Sasa mwanangu, nikiwa na baiskeli humo ndani ya mawe, nikamwona mkubwa wangu?"

"Unaendelea tu, mzee. Kusimama humo ndani ni marufuku, kwa sababu basi litakuwa nyuma yako."

"Na salamu?"

"Mtasalimiana mkifika."

"Tukifika wapi? Mimi naenda alikotoka, yeye anaenda nilikotoka. Tutafika wapi pamoja?"

Mkutano mzima ukacheka, na yule kijana akacheka nao. "Basi pungeni mkono, mzee."

Wakapiga kelele za kucheka tena, na swali likaishia hapo. Hakuna aliyelirudia.

Venanti alibeba mawe siku zile kuliko vijana. Winifrida akamwambia atavunjika mgongo, akamjibu, "Mama Esteri, niache. Mawe haya yanamlinda mkwe wangu." Na kweli, mbele ya nyumba yake aliyapanga mwenyewe, akachagua makubwa yanayolingana, akayapaka chokaa mara mbili.

Mkwe wake huyo ndiye Nsabimana, mume wa Esteri, binti yao wa mwisho. Alikuja mwaka wa sabini na mbili kutoka Burundi, akipitia Manyovu, na nguo aliyovaa. Kwao hakubaki wa kumtaja. Akalimia watu, akajenga kibanda Kasulu, akapata baiskeli, akawa anachukua dagaa sokoni na kuwapelekea watu wa vijijini. Alipomtaka Esteri hakuwa na mbuzi wala mzee wa kumsemea. Ndugu wa Venanti wakaguna. Venanti akasema mbuzi anao tayari, anachokosa ni mtoto wa kiume. Akamwambia kijana alime shamba misimu miwili, basi. Nsabimana akalima. Na alivyolima, Winifrida ilibidi awe anamwita aje ale, maana hakujua kuacha. Tangu hapo akawa anamwita Venanti "databukwe", ndivyo wanavyomwita baba mkwe kwao, lakini akilitamka wewe unasikia "baba" tu, lile la ukwe limefichwa.

Kabla ya mawe, kila siku ya soko Nsabimana akishuka ule mteremko, alisimama mbele ya gogo. Alilaza baiskeli na dagaa zake, akachuchumaa, akapiga makofi. Makarius na wazee wengine wanatazama. Venanti anaitikia, anauliza, anauliza tena, anajifanya kusahau ameuliza, halafu ndipo anasema, "Haguruka, mwanangu." Ilikuwa ndiyo sherehe yake ya wiki. Watu wana watoto wa kiume wanne, watano, na hawasalimiwi nao hivyo.

Halafu mawe yakawekwa. Na kijiji kikampa kazi Ildefonsi wa mgambo kuulinda ule ujia. Ildefonsi hakupiga mtu. Yeye dawa yake ilikuwa moja: ukisimama ndani ya mawe anainama, anakutoa upepo matairi yote mawili, na pampu iko nyumbani kwake. Utasukuma baiskeli na mzigo wako mpaka uchoke. Wiki ya kwanza watu kadhaa walisukuma. Wiki ya pili hakuna aliyeshuka.

Siku ya soko ya wiki hiyo Venanti yuko kwenye gogo na Makarius. Nsabimana huyo anateremka, gunia kwenye keria, na basi la Gharibu nyuma yake karibu kabisa linamsukuma kwa honi. Venanti akaweka fimbo chini, akakunja viganja tayari. Nsabimana akafika usawa wao. Akapiga kengele, krii krii, akainua mkono mmoja, akapita. Basi nalo likapita. Vumbi likawafunika.

Viganja vya Venanti vilibaki vimekunjwa hewani.

Makarius akasubiri vumbi litue. Yeye hawezi kuacha kitu kipite.

"Mkwe wako amekupigia kengele."

"Basi lilikuwa nyuma."

"Nimeliona. Mimi mbuzi wangu ndiyo nawapigia kengele, watoke njiani."

"Makarius, funga mdomo."

"Nimeufunga zamani. Nasema tu umekuwa mzee wa kupigiwa kengele. Labda kesho atakupigia honi, ukipandishwa cheo."

Wangecheka, kwa kawaida. Siku hiyo Venanti alichukua fimbo yake akaingia ndani.

Jioni, jua bado liko juu ya migomba, Nsabimana akaja. Alikuwa amemaliza dagaa, akarudi kwa miguu ng'ambo ya mtaro, baiskeli anaisukuma. Akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi. Venanti alikuwa ndani, anamwona vizuri, haitikii.

"Databukwe, ni ule ujia. Ningesimama basi lingenifikia. Na yule Ildefonsi..."

"Hapa nyumbani hakuna basi," Venanti akasema toka ndani.

"Ndiyo maana nimekuja nikusalimie hapa."

"Umenipita mbele ya watu, kisha unakuja kunisalimia mbele ya kuku. Nenda. Siku utakayoshuka pale pale uliponipita, Makarius akiona, ndipo nitakuitikia."

Nsabimana akabaki amechuchumaa. Hajaambiwa inuka, atainukaje? Winifrida ndiye aliyetoka jikoni na mikono ya unga, akamshika bega, akamwinua. "Nenda nyumbani mwanangu, mkeo ni mzito. Huyu mzee atapoa."

Hakupoa. Wazee tuna ugonjwa huo, kitu kikituingia hapa kifuani kinajenga na nyumba. Siku za soko zikawa zinapita, na Nsabimana anapita, kengele hapigi tena, anainamisha kichwa tu kama mtu anayepita makaburini. Venanti anatazama upande wa pili. Na moyoni anajua anayemuadhibu ni nani, maana siku nzima inayofuata hana raha, ugali haupandi.

Katikati ya hayo Esteri akajifungua. Mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Venanti kwa binti huyo aliyempenda. Winifrida akaenda Kasulu, akakaa kwa binti yake, akarudi na kanga yake inanuka maziwa.

Venanti alikuwa anachonga mpini. Hakuuliza. Akachonga, akachonga, mpini ukawa mwembamba kama kijiti cha mswaki.

"Ana nywele?" akasema mwishoni.

"Nani?"

"Mama Esteri, usinifanyie hivyo."

"Ana nywele. Na masikio yako haya yaliyosimama, maskini. Akilia anakunja uso kama wewe ukikosa tumbaku." Akakaa karibu naye. "Nenda ukamwone, baba Esteri. Ni mwendo wa asubuhi moja."

"Nitaingiaje nyumba ya mtu asiyenisalimia?"

"Anakusalimia. Wewe ndiye umeiweka salamu yako barabarani, na barabara ina wenyewe."

"Ashuke. Mara moja tu. Akishuka, kesho yake naenda, namshika mtoto, yameisha."

"Na Ildefonsi akimtoa upepo?"

"Atauweka tena. Upepo haununuliwi."

Winifrida akamtazama, akainuka akaenda kupepeta maharage yake. Lakini maneno hayo hakuyaacha hapo. Alipoenda tena Kasulu aliyabeba yalivyo, akamwambia binti yake: baba yako anasema ashuke mara moja tu, yameisha. Na Esteri, ambaye alitaka baba yake amshike mwanawe kuliko alivyotaka kula, akamwambia mumewe jioni wakila: "Shuka tu, baba mtoto. Upepo watautoa, utasukuma, mimi nitakusaidia kusukuma. Mzee akuone."

Nsabimana alikuwa mtu wa kuogopa sheria. Mtu akishafukuzwa nchi moja, kila anayevaa magwanda anamtetemesha. Lakini alisema, "Nitashuka."

Wakapanga vizuri. Rubisi wakapika, ile pombe ya ndizi ambayo baba wa mtoto humpelekea baba mkwe mtoto akizaliwa. Wakajaza kibuyu, wakakifunga kwenye keria kwa kamba ya mgomba. Nsabimana angetangulia na baiskeli. Esteri na mtoto mgongoni wangetoka mapema kwa miguu, ng'ambo ya mtaro, wakutane naye pale pale kwenye gogo.

Ilikuwa siku ya soko, kiangazi kikali, mwezi ule ambao majani ya migomba yanakuwa mekundu kwa vumbi. Venanti na Makarius wako kwenye gogo. Upande wao wa mtaro, hapo mtu wa miguu anaruhusiwa. Malori ya tumbaku yanapishana ng'ambo ya mawe, moja linakwenda, moja linarudi, huoni mita chache mbele yako.

Makarius ndiye aliyeona kwanza. "Mkwe wako huyo. Na ana kibuyu."

Venanti hakugeuka.

"Anapunguza mwendo, Venanti. Nasema anapunguza. Anashuka huyo."

Hapo akageuka. Nsabimana alikuwa ndani ya mawe meupe, mbele ya yale makubwa yaliyopakwa mara mbili. Ameshuka. Akakifungua kibuyu kwenye keria, akakisimamisha taratibu kwenye majani ya mtaro kisimwagike. Akailaza baiskeli. Shati alikuwa amevaa lile la harusi. Akachuchumaa, akiwatazama wazee ng'ambo ya mtaro, akakunja viganja, akapiga makofi.

"Databukwe, amahoro."

Sasa Venanti angefanya nini. Alikuwa na kiu ya kitu hicho kiangazi kizima. Akahofia sauti itamwangusha mbele ya Makarius, akaanza kwa makofi. Akapiga polepole, yale mazito. Nsabimana akaitikia. Wakapigiana.

"Amahoro, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, databukwe."

"Esteri?"

"Hajambo. Yuko njiani anakuja."

"Na mgeni wetu?"

"Hajambo. Ananyonya vizuri. Anakuja na mama yake."

"Anakuja leo?"

"Leo hii, databukwe."

Makarius akasema pembeni, kwa chinichini, "Mwinue basi, kijana ana jua." Akasema kwa wema, kwa mara ya kwanza.

Lakini Venanti hakutaka iishe. Ndivyo ilivyo mtu akipewa alichokililia, anakilamba hadi mwisho. Akasogea ukingoni mwa mtaro amwone vizuri. Akauliza dagaa. Akauliza paa la nyumba kama lilishaezekwa. Honi ikalia huko juu kwenye vumbi, ndefu. Aliisikia. Akauliza, "Na mtoto mmemwitaje?" Moyoni akasema Gharibu atatuzunguka, au atasimama atoe kichwa, atutanie kidogo, kama siku zote.

Lakini siku zote hakukuwa na mawe. Gharibu alikuwa ndani ya ujia kama alivyoamriwa, na mafuta yalikuwa ya shida mwaka ule, madreva wote walikuwa wanaliachia gari literemke lenyewe kwenye ule mteremko, injini kimya. Kulia kwake lori la tumbaku linampita, vumbi lake ndilo alilokuwa analitazama, honi anapiga bila kuona mbele. Kushoto mtaro. Alipowaona, alikuwa ameshafika.

Nsabimana aliisikia honi, maana alipindua shingo. Venanti aliona hilo kwa macho yake. Alipindua shingo, akaona, na akamrudishia Venanti uso, akamtazama. Hakuinuka. Alikuwa hajaambiwa.

Venanti akafungua mdomo.

Breki zikapiga kelele, na baadaye ikawa kimya, na baada ya kimya sauti za akina mama ndani ya basi. Baiskeli ilikuwa mbali, gurudumu la mbele linazunguka. Kibuyu kilibaki kwenye majani pale pale kilipowekwa, hata kifuniko hakikutoka.

Esteri alifika muda si mrefu, ng'ambo ya mtaro kama sheria ilivyosema, mtoto mgongoni, amevaa kitenge kipya. Aliona watu wamejaa, akadhani wamekuja kuona mtoto.

Walimzika Nsabimana nyuma ya nyumba ya Venanti, kwenye migomba, kwa kuwa hakuwa na kwao kwingine upande huu. Katekista akasali. Watu wakatupa udongo. Venanti alikuwa amesimama na lile neno mdomoni tangu jana, anataka amwambie tu, lakini neno lenyewe ni la kumwambia mtu ainuke, na mtu anashushwa kaburini. Atalisemaje mbele ya watu? Hakulisema.

Siku za matanga Gharibu akaja. Polisi walikuwa wamemchukua, wakamhoji, wakamwachia. Hakuingia uani. Akakaa chini nje, kofia ameishika mkononi, mtu mnene vile, amekaa kwenye udongo. Venanti akatoka akakaa karibu naye. Wakakaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia.

"Nilipiga honi, mzee wangu," Gharibu akasema.

"Nilisikia."

Gharibu akamgeukia.

"Nilisikia," Venanti akarudia. "Nikadhani utasubiri."

"Zamani ningesubiri. Ningezunguka. Nilibanwa, mzee. Mawe huku, lori huku."

"Mawe yale niliyapanga mimi."

Gharibu alimaliza mwezi huo akaomba apewe njia nyingine, na waliokuja baada yake hawakujua kutania.

Majaribio hayakungoja mvua. Yule kijana wa wilayani akaja, akasimama pale mahali, akavua kofia, akaondoka bila kuitisha mkutano. Kule Kibondo mawe yalikuwa yameshakusanywa kando ya barabara, marundo marundo, yakaota majani hapo hapo. Huku kwetu akina mama wakaanza kuyachukua moja moja kwa mafiga. Hata leo, ukiingia jiko la watu wa zamani, utakuta figa moja lina weupe weupe upande wa chini ambako moto haufiki. Ildefonsi naye aliacha kutoa watu upepo, na pampu yake akaiweka barabarani, kila mtu atumie. Yale mawe makubwa mbele ya nyumba ya Venanti hakuna aliyeyagusa. Aliyang'oa mwenyewe, akayasukuma mtaroni, kwa mikono.

Na lile gogo akaligeuza, likatazama migomba. Makarius akawa anakuja kukaa naye hapo, wanaipa barabara mgongo. Makarius yule asiyenyamaza. Siku moja tu alisema, "Ni mdomo wangu ule wa kengele." Venanti akamjibu, "Mdomo wako umekuwa hivyo tangu utotoni. Masikio ni yangu." Wakavuta tumbaku.

Lakini Esteri hakuja. Baada ya matanga alirudi Kasulu na mwanawe, akaendelea kuuza dagaa yeye mwenyewe, akizibeba kichwani. Hakumtukana baba yake, hakumletea maneno. Ila kila Winifrida alipomwambia mlete mtoto, alijibu, "Atakuja, mama. Bado." Venanti hakumwona usoni mjukuu wake zaidi ya siku zile za kilio, na siku zile nani alikuwa anaona? Winifrida akienda akirudi, anamwambia ameota meno, amekaa, ametambaa. Venanti anasikiliza ametazama chini. Hakusema tena atakwenda siku fulani. Aliwahi kufika njiani mara moja, akaishia kwenye ule mteremko, akarudi.

Mvua zikaja zikaenda, zikaja tena. Mwaka wa sabini na nane, kabla ya kuvuna maharage, siku moja Venanti yuko nyuma ya nyumba anaondoa magugu kaburini. Akasikia Winifrida anasema na mtu. Akageuka. Esteri amesimama kwenye migomba, amekonda, na mbele yake mtoto wa kiume amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Masikio yamesimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimemleta akusalimie. Nimemfundisha." Esteri akainama, akamnong'oneza mtoto, akamsukuma kidogo mgongoni. "Nenda. Fanya kama jana."

Mtoto akaja, anayumba kwenye matuta. Akasimama mbele ya babu yake. Akachuchumaa, akaweka mkono mmoja chini asianguke, akaurudisha, akakunja vile viganja vyake vidogo. Akapiga. Pa. Pa.

Venanti akaruka kama aliyeungua. Kabla kofi la tatu halijapigwa alikuwa amemnyakua mtoto juu, amembana kifuani. "Haguruka," anasema, "haguruka, haguruka, mwanangu, haguruka," na anayemwambia unamjua, maana alikuwa anatazama lile kaburi. Winifrida akafunika uso kwa kanga. Esteri akageukia migomba.

Mtoto akaanza kulia. Hakuogopa, alikasirika. Alikuwa amefundishwa salamu yake akaishika, na hajamaliza. Akajinyonganyonga mpaka babu akamshusha, na miguu ilipogusa udongo akachuchumaa tena pale pale, mkaidi, machozi yanatiririka, akakunja viganja, akaanza upya.

Venanti alisikiliza upande wa barabara. Lori lilikuwa linapita mbali, ng'ambo ya nyumba. Akalisubiri lipite. Halafu akaweka jembe chini, akakunja magoti yake ya kizee, yakalia, akachuchumaa naye kwenye udongo ule ule, uso kwa uso, akaanza kuitikia.